Fumua, Shona

Maji yakipwa tuna saa tatu na nusu.
Zordan anafunga mashua kwenye nguzo ya mistari ya buluu,
anatema mate Mferejini,
anautazama ukuta kama daktari wa meno:
"Haya, bibi. Fungua mdomo."

Na Jumba la Mazzoler linafungua.
Matofali ya usawa wa maji yamekuwa unga;
chumvi imeyapanda kwa ndani, usiku hadi usiku,
kama umbeya unavyopanda ngazi.

Kazi hii tunaiita fumua-shona.
Toa moja lililooza, tia moja zima,
usitoe mawili kwa pamoja:
juu ya kichwa chako zimekaa ghorofa nne,
kinara cha kioo, piano isiyopigwa,
na bibi Fosca, miaka tisini na mmoja,
anayekoroga kahawa bila kujua
kwamba asubuhi hii ameshikiliwa
na kabari mbili za mbao
na pumzi yangu.

Mashua ya abiria inapita, imelala upande mmoja
kwa uzito wa simu.
Wanapiga picha matao yaliyochongoka,
marumaru iliyotobolewa mithili ya lesi,
roshani ambayo, kwa mujibu wa Zordan,
haijawahi kubeba mtu mnene.
Hakuna anayepiga picha kiuno.
Hakuna anayezunguka mgongoni, kule uchochoroni,
ambako marumaru iliisha au pesa ziliisha:
tofali tupu, bomba la choo,
soksi za mtu kwenye kamba.
Waliojenga hapa walianza na uso.
Mgongo hauendi karamuni.

Jirani wa kulia ni hoteli. Wa kushoto, hoteli.
Lile la ng'ambo, lenye simba asiye na pua,
lina taa inayojiwasha saa moja jioni
ili lionekane lina mtu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nimeambiwa.
Nimeziba miaka kumi na sita
na kila siku najenga ukuta.
Na yule aliyesema maji yakimwagika hayazoleki
hakuwahi kuletwa hapa Novemba
akapewa ndoo.

Chini yetu kuna msitu.
Miti ilishushwa kutoka milimani, ikateremka na mto,
ikapigwa nyundo kichwa chini topeni,
bega kwa bega, maelfu,
mpaka tope likachoka kukataa.
Haiozi. Huko hakuna hewa.
"Kinachoua mti," Zordan anasema, "ni kupumua,"
kisha anakohoa, chokaa ya miaka arobaini,
anakohoa mpaka ashike ukuta,
nami najifanya natafuta patasi.

Leo, safu ya sita, nikakuta tofali lenye unyayo.
Paka. Vidole vinne na kiganja,
alipita uwanjani tofali likiwa bado bichi
na hakuna aliyemfukuza kwa wakati.
Nusu ya tofali ilibaki kidoleni mwangu kama sukari guru.
"Toa," akasema Zordan. "Limekufa."

Nikavunja mwiko. Si ule wa chuma;
ule ulikuwa mkononi mwangu, una chokaa.
Nilikata upande uliooza, nikapanda safu tatu,
nikalishona pale ambapo chumvi haijafika,
unyayo ukitazama ndani, gizani,
ambako hakuna picha.
Zordan aliona. Aliwasha sigara.

Saa sita kasoro maji yakaanza kurudi,
yakalamba kwanza mwani, kisha buti zangu.
Chokaa ilikuwa bado laini
wakati teksi ya maji ilipokata kona kwa kasi,
bi harusi amesimama nyuma, shela inapepea,
na wimbi lake likatujia.
"Polepole!" tukapiga kelele, wote wawili,
tukiegemeza migongo yetu ukutani.

Bi harusi akatupungia mkono.